Kuhusu Konokono wa Lweba na Nyumba Yetu ya Kuzalia

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Bureau ya Vibali vya Ujenzi,
Baraka.

Mheshimiwa,

Kwa heshima zote, na kwa subira kidogo iliyobaki, ninakuandikia mimi Albert Asukulu, mvuvi wa Lweba na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Unanifahamu. Ni mimi yule uliyeniambia ningoje kwenye benchi la nje, kisha ukatokea mlango wa nyuma.

Kijiji chetu kinataka kujenga nyumba ya kuzalia, ili bamama wasikimbizwe tena mjini Baraka kwa moto, yaani pikipiki ya kukodi, uchungu ukiwa umekwisha kuanza. Mawe ya msingi waliyabeba wenyewe kichwani, wengine na mimba zao. Fundi Nyandwi, mkimbizi Mrundi anayekaa Lusenda, alikubali kutujengea, akapigilia vijiti vya kupimia. Ndipo ukatujulisha kwamba hatuwezi kuchimba msingi kabla mtaalamu hajachunguza viumbe wote wasio na uti wa mgongo walioko kiwanjani. Tulitii. Sasa tuna malalamiko, nami nayapanga kwa namba kama bureau yako inavyopenda.

1. Mtaalamu, Monsieur Lionel, alifika na wavu na vichupa, akalala kwangu, akala bugali na ndagala zetu bila kulalamika. Sina neno baya juu yake. Lakini hukututayarisha. Mke wangu Florentine alipomwona mtu mzima, mwenye miwani, anatambaa kwenye majani tangu asubuhi, alidhani amepoteza simu. Akawaita majirani wamsaidie kutafuta. Monsieur Lionel alipofaulu kueleza kazi yake, nusu ya kijiji ilikuwa imekwisha kukanyaga alichokuja kuhesabu. Katika ripoti yako imeandikwa kwamba panzi wa Lweba wamepungua «kutokana na shughuli za wanadamu». Ni kweli, Mheshimiwa, ila shughuli yenyewe ilikuwa huruma.

2. Siku ya pili alipata konokono mdogo mwenye mistari, mahali hasa pa chumba cha kuzalia. Alifurahi mpaka akavua kofia. Akatuambia, «Papa Albert, huyu anapatikana huku tu, dunia nzima.» Florentine akamuuliza, «Na Divine je, anapatikana fasi ingine?» Divine ni mke wa mtoto wetu, mimba yake ilikuwa ya mwezi wa tisa. Monsieur Lionel alivaa tena kofia. Juma lililofuata barua yako ilifika, ikasimamisha kazi.

3. Divine alishikwa na uchungu siku ya mvua. Moto ilikwama kwenye matope kabla ya kufika Baraka, na mjukuu wangu akazaliwa katika shamba la mihogo la mtu tusiyemjua. Mama Anastasie, mkunga wetu, alimpokea; dereva alishika mwavuli, uso ameugeuzia barabarani, huku siafu wakimpanda miguuni. Hakuthubutu kuwapangusa, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za konokono. Tunashukuru Mungu, mama na mtoto ni wazima. Mtoto wa Fanny, jirani yetu, mwezi mmoja kabla, hakuwa na bahati hiyo; tulimzika nyuma ya kanisa. Konokono leo ana namba, picha na jina la Kilatini. Mjukuu wangu bado hana cheti, eti kwa sababu haijulikani amezaliwa kijiji gani.

4. Monsieur Lionel mwenyewe ndiye aliyetafuta njia. Alipima na Nyandwi, akasema nyumba ikisogezwa upande wa mipera, konokono atabaki na raha yake na bamama watapata nyumba yao. Tulicheka, tukampa samaki, mukeke mkubwa wa kuchoma. Alikuandikia. Ukajibu kwamba nyumba iliyosogezwa ni nyumba mpya, na nyumba mpya huanza na uchunguzi mpya, na mtaalamu amepelekwa kwingine. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwenye kutuzuia hakuwa konokono.

5. Pale Baraka, ufukweni, pamejengwa hoteli ya mtu mmoja mkubwa ambaye simtaji, kwa kuwa bado ninavua katika ziwa analoliona kutoka dirishani kwake. Ukuta wake umeingia majini. Nilipouliza, karani wako alinionyesha karatasi: uchunguzi ulifanyika, hakuonekana mdudu hata mmoja. Mheshimiwa, mimi nilihudhuria harusi pale. Mbu walinila mpaka nikashindwa kusikiliza hotuba. Au mbu wa pale wana uti wa mgongo?

6. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. La kwanza, uchunguzi huu ufutwe kabisa, Lweba na kwingine kote. La pili, kama haiwezekani kuufuta, basi wananchi wa Lweba tuandikishwe rasmi katika kundi la wasio na uti wa mgongo, ili nasi tulindwe. Ushahidi tunao. Kila aliyekuja na bunduki tulimwinamia. Kila aliyekuja na muhuri tulimwinamia zaidi. Siku ukuta ule ulipoingia majini tulisimama kimya, na siku ya kufungua hoteli mimi mwenyewe nilipiga makofi. Kiumbe mwenye mgongo angefanya hivyo? Umtume Monsieur Lionel atuhesabu, aanze na wenye mimba, maana hawakimbii haraka. Wapo kijijini wanaosema kwamba idadi kubwa zaidi ataipata ndani ya bureau yako. Nimewakemea. Nimewaambia hakuna anayejua, kwa kuwa pale bado hapajachunguzwa.

Tukikosa jibu tutachimba msingi upande wa mipera. Nyandwi amekwisha kuhamisha vijiti, na bamama wamekwisha kuhamisha mawe. Sikuandikii haya kukutisha. Nakujulisha tu ili, ukija kutukamata, usipotee kiwanja.

Wasalimie wote wa bureau, pamoja na yule karani anayelala akiwa ameshika kalamu. Florentine anakusalimia. Divine anakusalimia, na mtoto angekusalimia kama angekuwepo kisheria.

Mimi ninayeendelea kungoja benchini,
Albert Asukulu

N.B. Mheshimiwa, kabla sijaifunga bahasha hii, Nyandwi amekuja mbio. Kampuni moja imeshusha mashine kwenye chemchemi tunakoteka maji. Inataka kuchimba kokoto, na ina kibali chenye sahihi yako. Kwa hiyo ombi la kufuta uchunguzi naliondoa, usilisome. Tafadhali mtume Monsieur Lionel leo hii, na vichupa vyake vyote. Chemchemi ile ina kaa wadogo, kereng'ende, ruba, vipepeo wa manjano, na kitu kingine chenye miguu mingi ambacho hata wazee hawana jina lake. Asiharakishe. Ahesabu mguu mmoja mmoja. Sheria hii ni nzuri sana, Mheshimiwa. Ni vile tu hatukuwahi kuitazama kutoka upande huu.