Hataza ya Ndoo ya Mama

Sekela Mwaisaka,
Karani wa Stoo,
Chang'ombe, Temeke.

Kwa Ndugu Msajili wa Uvumbuzi,
Dar es Salaam.

Ndugu Msajili,

YAH: KAMPUNI MBILI ZA NG'AMBO KUGOMBANIA KITU CHA MAMA YANGU

Natumaini barua hii imekukuta umeshakunywa chai, maana ni ndefu kidogo, na nimezoea kuwaandikia watu walioshiba.

Mimi ni karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro. Kwa miaka kumi na minne nimelalamika kwa maandishi mara moja tu, kuhusu feni, na feni ililetwa. Ndiyo maana nimepata moyo wa kukuandikia na wewe.

Naishi na mume wangu Fredrick, mwanetu Edgar na, tangu mwezi wa pili, mama yangu mzazi, Bi. Bupe, tuliyemleta kutoka Tukuyu kwa upasuaji wa goti. Daktari alisema abaki hapa miezi mitatu akifanya mazoezi ya mguu. Mama alisema wiki mbili. Aliyeshinda si daktari wala mimi, ni kisanduku cha TV, kile cheusi kidogo unachokichomeka nyuma ya TV kikavuta picha kutoka kwenye intaneti. Kila Jumapili mama alitazama humo ibada ya usharika wake wa Tukuyu, moja kwa moja. Siku za kazi alitazama tamthilia na jirani yetu Khairiya, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Sasa kisanduku hakipo, na mama ametangaza kwamba Jumamosi hii anapanda basi kurudi kwao, wiki sita kabla ya wakati. Mimi sitaki aondoke. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jumatano ya wiki mbili zilizopita nilirudi kazini nikakuta TV ipo, waya upo, rimoti ipo, kisanduku hakipo. Hakuna mlango uliovunjwa. Nilimuuliza mama, akasema, "Vitu vya siku hizi vidogo mno, mwanangu, vinapotea." Tulipekua nyumba nzima mpaka ndani ya pipa la unga. Kesho yake nikaenda kwa Nurdin, anayeuza vitu hivyo karibu na kituo. Akaniambia, "Sista, hivyo vimepigwa stop. Kuna kesi huko majuu. Mie sina mzigo, na ukizunguka Kariakoo nzima hukipati." Nilimwomba anieleze kesi gani hiyo inayofika mpaka sebuleni kwangu. Alivuta stuli akanieleza vizuri, na nilichokisikia ndicho kilichonikalisha kuandika.

2. Nurdin anasema picha haiwezi kusafiri hewani ikiwa nzima, ni kubwa. Lazima ifungwe, ikazwe, isibaki nafasi, kisha ifunguliwe huku ikiwa kama ilivyokuwa. Kampuni moja inadai namna hiyo ya kufunga ni yake, ina hati ya kumiliki uvumbuzi, yaani hataza. Kampuni inayotengeneza visanduku inasema si kweli. Wakati wanabishana, visanduku havitoki kiwandani.

Ndugu Msajili, kufunga mzigo ni kwa mama yangu. Tangu niko shule ya bweni ananitumia ndoo ya lita ishirini kwa basi. Chini ndizi mbichi, juu yake maparachichi yaliyoviringishwa kwenye magazeti, kila pengo limejazwa mchele, na katikati ya maharage mayai thelathini. Halafu kipande cha kiroba juu, kimeshonwa kwa sindano ya magunia kuzunguka ukingo wote, kwa mshono wake mwenyewe ambao kila hatua ya tatu unarudi nyuma. Kwa miaka yote hiyo halijavunjika yai. Mimi nafanya kazi stoo, nimeona watu wenye vyeti vya ufungashaji, na hakuna hata mmoja anayemfikia. Kama kuna mtu wa ng'ambo anayedai alianza yeye, aje na ndoo.

3. Hili ndilo lililoniuma zaidi. Nurdin anasema sehemu kubwa ya kesi ni ujanja mmoja: kisanduku hakitumiwi picha nzima kila mara. Ukuta uliokuwepo haurudiwi, kiti kilichokuwepo hakirudiwi. Kinachotumwa ni kile tu kilichobadilika.

Nilimwambia Nurdin anyamaze kwanza nikae sawa. Maana kabla ya simu kuingia kijijini, mama alikuwa anatuma habari kwa mdomo wa kondakta wa basi. Makondakta wana mambo mengi, huwezi kuwapa hotuba. Kwa hiyo mama alikuwa anasema maneno manne au matano tu. "Wote wazima, ila mbuzi kazaa." Tukajua babu mzima, wadogo zetu wazima, nyumba imesimama, na kuna mbuzi mmoja zaidi. "Wote wazima, ila Blessing kafaulu." Huyo ni mdogo wangu. Na mwaka ule wa mvua kubwa ukaja, "Wote wazima, ila baba yenu hali uji." Tulipanda basi siku hiyo hiyo, na tulimkuta bado anatufahamu. Hiyo ndiyo teknolojia wanayogombania. Mama hakuiandikisha popote kwa sababu alidhani ni kuongea tu.

4. Nurdin aliongeza kwamba kisanduku huvuta picha za mbele na kuziweka akiba ili mtazamaji asikatikiwe. Mama hupika chakula cha wageni ambao hawajaondoka kwao. Sihitaji kueleza zaidi.

5. Inanisikitisha kumtaja jirani, hasa jirani mwema, lakini haki ni haki. Jumatano ile ile kisanduku kilipopotea, nilipokuwa nashuka kituoni, niliona bodaboda inaondoka barazani kwa Khairiya kuelekea stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, imebeba ndoo ya bluu iliyoshonwa kiroba. Ilisimama kupisha gari, nikasogea. Mshono ulikuwa ule ule wa mama, unarudi nyuma kila hatua ya tatu! Nilimuuliza Khairiya kwa upole. Akaangalia viatu vyake, akasema, "Ah, mama Edgar, mzigo wa watu tu huo, mie kazi yangu uzi tu." Watu wa kwao wako Tanga, na mabasi ya Tanga hayajulikani kwa mayai. Ni wazi kwamba amekaa na mama akitazama tamthilia huku akiiba ufundi. Nimemnunia wiki mbili sasa. Jana kaniletea sahani ya visheti, nimeila nikiwa nimenuna.

6. Kwa kuwa mambo yamefika hapa, naomba ofisi yako ifanye yafuatayo bila kuchelewa:

(a) Impe Bi. Bupe hataza ya kufunga, ya kutuma kilichobadilika tu, na ya kupika kabla.

(b) Iziandikie kampuni zote mbili kwamba wanagombania shamba lenye mwenyewe, wamalizane haraka na mzigo utoke.

(c) Imwamuru Khairiya asishone ndoo yoyote mpaka aje kwa mama kuomba ruhusa. Ni hatua ishirini na mbili tu, anaweza kuja hata na kanga ya nyumbani.

(d) Ihakikishe Nurdin anapata kisanduku kimoja kabla ya Ijumaa jioni.

(e) Endapo (d) itashindikana, izuie basi la Tukuyu la Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, lisitoke Mbezi Luis. Najua ni ombi zito. Lakini ikiwa kesi ya hataza inaweza kuzuia visanduku maelfu visiondoke kiwandani, haiwezi kushindwa kumzuia mwanamke mmoja mwenye goti bovu asiondoke Chang'ombe. Yeye ni mvumbuzi na ni shahidi. Mvumbuzi haruhusiwi kwenda mbali kesi ikiwa inaendelea. Kama sheria haisemi hivyo, naomba iseme.

Usinielewe vibaya, Ndugu Msajili. Mimi si mtu wa TV. Ila Jumapili nikitoka jikoni nikimkuta mama kakaa mbele ya ile ibada, ananyoosha kidole kwenye kioo na kusema, "Yule tena! Yule wa kitenge cha kijani!", nilikuwa najisikia nyumba imejaa. Sikuwahi kuuliza yule wa kijani ni nani. Niliona anafurahi, nikarudi kwenye wali wangu.

Mume wangu Fredrick amekataa kutia sahihi barua hii, lakini ameisoma mara mbili na hakuniambia niichane. Mimi nachukulia kwamba ameafiki.

Wasalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, wale wa masjala kwa namna ya pekee kwa sababu najua shida zao, na mlinzi wa getini atakayeipokea. Mama naye anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Wako mtiifu na mwenye haraka,

Sekela Mwaisaka (mama Edgar)

Nyongeza: Nilikuwa nabandika bahasha Blessing akapiga simu kutoka Tukuyu. Alisema, "Dada, wote wazima, ila kisanduku kimefika." Kilikuwa katikati ya mchele, kimezungushiwa soksi za Fredrick, ndani ya ndoo ya bluu, iliyokaa wiki mbili ofisi ya basi huko ikisubiri kuchukuliwa. Hakina hata mkwaruzo.

Nimeenda kwa mama na simu mkononi. Hakukana. Alisema alishona yeye, Khairiya alimkatia uzi, na ndoo waliivusha barabara pamoja, kila mmoja upande wake wa mkono wa ndoo. Yaani mama yangu, ambaye mbele yangu hatembei bila kushika ukuta, amekuwa akivuka barabara ya Chang'ombe na mzigo. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Ningesema ungelia." Kuhusu kisanduku, kimetangulia ili asikose mwisho wa tamthilia, yeye na Khairiya watatazama kila mtu kwake, kisha wapigiane simu. Na yule wa kitenge cha kijani ni mwanamke aliyekalia mahali pa mama kanisani, benchi la pili karibu na dirisha, Jumapili nne mfululizo. "Hicho kisanduku ndicho kilichonionyesha," amesema. "Bila hicho ningekaa hapa kwako mwaka mzima sijui kitu."

Leo mchana tumempigia daktari wa mazoezi. Amesema mtu anayevuka barabara na ndoo anaweza kuvukia popote, na mazoezi atayafanya huko huko. Nimelia kidogo jikoni, halafu nimeenda kwa Khairiya kurudisha sahani.

Kwa hiyo nayaondoa malalamiko namba moja hadi tano, na namba sita yote. Kampuni zile ziendelee kubishana kwa nafasi yao. Basi la Jumamosi liachwe liondoke kwa wakati. Nimeshamwandikia Blessing ujumbe wa kumjulisha, na sikuongeza neno: Wote wazima, ila mama anakuja.