Muuaji Namjua Tayari

Jumatatu, 22 Septemba
Nimechoka. Zamu ya ghalani, mvua, magoti. Lakini leo kuna habari! Binti yangu Kowsar, miaka kumi na minne, ameniomba nimpeleke sinema Jumamosi. Mimi! Imetoka filamu mpya ya zile katuni za Kijapani za upelelezi, ambazo huja kila mwaka na haziishi. Ameomba kwa Kiingereza, bila shaka. Huku ughaibuni namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, miaka sasa. Anakielewa chote, ila mdomoni hakitoki. Moyo unaniuma, sitasema uongo. Nataka hata neno moja tu.

Habari mbaya: shemeji yangu Abdiwahid naye anakuja. Anajifanya mjuzi wa kila filamu, na Kowsar anacheka kila mjomba wake akifungua mdomo. Ovyo kabisa.

Jumanne, 23 Septemba
Nimepata mpango. Ujanani, kwenye kibanda cha video kule Eastleigh, mkubwa wetu alikuwa yule aliyekwisha kuiona filamu. Alikaa mbele akatutajia nani adui, nani atakufa, steringi, yaani shujaa wa filamu, ataponaje. Hakuna aliyenung'unika. Tulimnunulia chai! Basi nikimjua muuaji mapema, Kowsar ataniona mtu wa maana, na Abdiwahid atafunga domo lake.

Nimemwendea Charanjit, mwenzangu wa ghalani, Singasinga wa Kisumu. Dada yake yuko Singapore, na huko filamu imeshaonyeshwa. Atamuuliza, ila nimfanyie zamu yake ya Jumapili. Hana huruma hata chembe. Nimekubali.

Alhamisi, 25 Septemba
Jibu limefika! Muuaji ni daktari wa mifugo, yule mnene, mpole, anayebeba paka. Mke wangu Habibo aliniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nikamwambia ni jino. Akanitia karafuu mdomoni. Mdomo mzima umekufa ganzi.

Kowsar amesema hafungui mitandao wiki hii, asije akaambiwa mwisho. Watoto wa siku hizi! Nani anakataa kuambiwa?

Jumamosi, 27 Septemba
Balaa. Mwanzo ulikuwa mzuri: hoteli ya milimani, theluji, maiti. Abdiwahid akanong'ona kwamba muuaji ni mwenye hoteli. Kowsar akakataa, akamtaja mwalimu wa kuteleza thelujini. Wanabishana, wanacheka, wanapokezana bisi. Mimi niko pembeni, nimeshikishwa makoti.

Nikashindwa kujizuia. Nikasimama, nikatangaza kwamba wote wamekosea, ni daktari mwenye paka. Kwa sauti ile ya kibandani. Kwa Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Ukumbi mzima uliguna. Mtoto wa nyuma akaangua kilio. Mfanyakazi wa sinema akaja na tochi kuniomba nikae.

Kowsar akanigeukia, macho yamejaa machozi. Akasema, "Baba, umeniharibia kila kitu."

Na kweli muuaji alikuwa daktari. Hakuna aliyenipa hongera. Wakati wa kurudi, Kowsar na mjomba wake walipanda ghorofa ya juu ya basi. Mimi nilibaki chini, bibi mmoja akinikanyaga kwa kitoroli chake mpaka kituo chetu cha Coventry Road.

Jumapili, 28 Septemba
Zamu ya Charanjit. Mgongo umekwisha. Niliporudi, Habibo alinikalisha jikoni akanieleza taratibu, kama mtu anayefundisha mgeni. Utamu wa filamu hizi ni kutojua. Mtoto aliingoja mwaka mzima. Mwakani ataenda na Abdiwahid peke yake, na mlango wa chumba chake bado umefungwa. Nikamwambia nimeelewa.

Lakini Habibo hakuwepo sinema, hakusikia. Baba, umeniharibia kila kitu! Sentensi nzima, bila kukwama, kwa Kiswahili! Nimeirudia kichwani zamu yote. Wallahi nilitaka kulia kati ya maboksi.

Nimeshampigia Charanjit. Mwakani dada yake anitafutie muuaji, na sababu ya kuua pia. Nitakata tiketi ya kiti cha nyuma yao. Nikiyasema yote mawili, huenda Kowsar akanigombeza kwa Kiswahili kutoka sinema mpaka nyumbani Small Heath.