Soda Moja na Mheshimiwa

Diwani mpya alipoapishwa, Simu Moja aliona nafasi ya kazi ambayo hakuna aliyeitangaza: rafiki wa mheshimiwa. Akaiomba, akajihoji, akajiajiri siku hiyohiyo.

Jina alilipata kwa kuinua simu yake isiyo na chaji na kusema, "Nipige simu moja tu, mambo yaishe." Kwa simu hiyo alinyolewa bure, akala bure, na sasa fundi cherehani alikuwa akimpima suti ya pili, kwa ahadi ya zabuni ya sare za shule.

"Mheshimiwa hafanyi kitu bila kuniuliza," alisema, mikono juu kama mtu anayekamatwa.

"Basi muulize habari za mabati ya kuezekea soko," alidakia mama muuza nyanya. "Mwezi wa tatu huu tunanyeshewa. Yamepotelea wapi?"

"Hayo yako mikononi mwangu, shangazi. Wewe tulia."

Ndipo gari jeupe likasimama mbele ya baa ya ng'ambo ya barabara. Diwani akashuka, akaketi kibarazani, akapunga mkono.

"Wewe wa suti! Njoo tunywe kitu."

Simu Moja aligeuka kutazama nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta.

"Anakuita, kaka," alisema fundi. "Nenda."

"Daktari kanikataza vya baridi."

"Unamkataa rafiki yako mbele za watu?"

Akikataa, urafiki ungekufa palepale, na chakula cha mchana pamoja nao. Akienda, mheshimiwa angeweza kumuuliza swali baya kuliko yote: wewe nani? Akavuka barabara, pini zikiwa bado mabegani.

Diwani hakuuliza jina. Alimfungulia soda kwa mkono wake mwenyewe, akamkumbatia, akaangua kicheko kwa utani ambao hakuna aliyeutamka.

"Nasikia sisi ni marafiki," alinong'ona.

"Mheshimiwa, watu nao wana midomo…"

"Nimefurahi sana. Kunywa. Kunywa wakuone."

Akanywa. Mtaa mzima ukamwona. Ilikuwa soda tamu ajabu, mpaka diwani aliposimama.

"Ndugu zangu! Mmeniuliza sana habari za mabati. Sina cha kuficha. Nilimkabidhi huyu, rafiki yangu wa karibu. Muulizeni yeye."

Akapanda gari, akaondoka.

Mama muuza nyanya alifika wa kwanza. Fundi alimfuata, mkasi mkononi.

"Simjui yule!" alipiga kelele Simu Moja. "Haki ya Mungu, leo ndiyo mara ya kwanza kumwona karibu!"

Ilikuwa pia mara yake ya kwanza kusema kweli mtaani pale, na hakuwa na mazoezi.

"Mtu asiyekujua akufungulie soda?" aliuliza fundi.

"Hata jina langu halijui!"

Watu walicheka. Mama muuza nyanya akavuta kiti cha diwani, kingali na joto, akaketi.

"Malizia soda yako, mwanangu," alisema kwa upole. "Halafu utatupeleka yalipo mabati."