Mjomba wa Msichana wa Kikorea

Leo nimefedheheka, tena mbele ya mama wa wanafunzi wangu. Kaeni vizuri niwaeleze polepole, maana bila maelezo mtadhani mimi ni mtu mbaya. (Mimi ni mwalimu wa hesabu tu.)

Shule yetu ya wasichana hapa Garissa imepewa kompyuta moja ya msaada. Nikataka kuanzisha darasa la Jumamosi. Wasichana wakafurahi. Mama zao wakakataa. Sokoni kuna uvumi kwamba mashine hiyo inamwezesha msichana kuongea na wanaume wa Nairobi bila mzazi kujua. Jamani! Kompyuta yetu haijaunganishwa na kitu chochote. Siku nyingi hata na umeme.

Mwenye neno kati yao ni Mama Halima, muuza maziwa ya ngamia. Akikubali yeye, wamekubali wote. Akikataa, basi Halima wake, ambaye hunishinda hata mimi kwa kasi ya hesabu, hataigusa kompyuta hiyo, wala mwenzake yeyote.

Nikapata wazo: niwaonyeshe akina mama picha ya msichana mwema mwenye kompyuta. (Mawazo yangu yana historia mbaya.) Abdi wa duka la vitambaa alikuwa na mkanda wa video kutoka Dubai, tamthilia ya Kikorea kuhusu msichana na kompyuta. "Ni safi," Abdi akaniambia. "Watu wa huko wanaheshimu wazazi sana. Kila saa wanainama." Alisema hivyo huku akikunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nikatazama mwanzo tu: msichana anamwinamia baba, anamwinamia mama, anakaa kwenye kompyuta. Safi! Nikazima.

Leo, baada ya swala ya adhuhuri, akina mama wakaja darasani wakajibana kwenye madawati ya watoto wao. Jenereta ikawashwa, kisha runinga na deki ya video nilizoazima kwa Abdi. Chini ya picha kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, na wa kuyasoma humo ndani nilikuwa mimi peke yangu. Kazi yangu ilikuwa kueleza.

Msichana akaanza kuandika. Akaandika. Akaandika tena. Kusema kweli, nusu ya tamthilia ile ni vidole. Kisha pale chini pakatokea: "Sijawahi kuiona sura yako, lakini nakuota kila usiku."

Hiyo sikuisoma kwa sauti.

"Anafanya nini?" akauliza Mama Halima.

"Hesabu, mama."

"Hesabu gani inamfanya anacheka peke yake?"

"Amepata jibu."

Akaacha kutazama runinga, akanitazama mimi. "Haya. Endelea."

Baba wa msichana akaingia chumbani. Msichana akazima kioo cha kompyuta haraka!

"Na hapo? Mbona anaficha baba yake?"

"Anaokoa umeme."

"Wallahi?"

"Kabisa, mama." (Uongo ni kama mbuzi wa mji huu. Ukimfungulia mlango mmoja, kundi zima liko sebuleni.)

Mara msichana yuko nje, usiku, mvua inanyesha, sanduku mkononi.

"Anaenda wapi?"

"Shule ya bweni."

"Usiku? Nani anampeleka?"

Papo hapo akatokea kijana mwenye mwavuli, nywele zimemfunika macho. Madawati yote yakalia, akina mama wakainama mbele. "Huyo nani?"

Ningeweza kusema sijui. Kila siku nawatia moyo wanafunzi wangu kwamba kusema sijui si aibu. Nikasema, "Mjomba wake."

Wakapumua. Kwa Wasomali mjomba, abti, si mtu wa kuchezea. Mama mmoja wa nyuma hata akamsifu: "Mashallah, abti amekuja na mwavuli."

Abti akautupa mwavuli. Akamshika msichana kiunoni. Akamvuta.

"Astaghfirullah! Mjomba?!"

Yule aliyemsifu akajifunika uso mzima kwa mtandio. Nikairukia deki, nikabonyeza kitufe. Kumbe ni cha kusimamisha picha! Msichana na kijana wakaganda pale pale, wakitetemeka kidogo, midomo imeachana nafasi ya punje ya mchele. Nikabonyeza vingine vyote. Wapi! Nikasimama mbele ya runinga, mikono nimeitanua kama golikipa. Lakini runinga ni pana na mimi ni mwembamba. Huku likaonekana sikio la mjomba, huku pua ya msichana.

"Mwalimu," Mama Halima akasema kwa upole wa kutisha, "toka hapo."

"Mashine imeharibika, mama."

"Huyo si mjomba."

"Si mjomba."

"Na ile haikuwa hesabu."

"Haikuwa, mama."

Nikaungama yote, hata umeme uliookolewa. Nikajua darasa la Jumamosi limekufa, na nimelizika mimi.

"Sasa washa," akasema. "Soma ile imeandikwa. Usikate hata neno. Tuone kama huyu kijana ataenda kwa baba ya msichana."

Hakwenda! Tulikaa tukingoja wazee, tukingoja posa. Hakuna. Mwishoni tukaelezwa kwamba zile barua tamu zilikuwa zikiandikwa na rafiki wa yule kijana. Kijana akapanda ndege. Msichana akalia mbele ya kompyuta, na mkanda ukaisha.

"Ndiyo mwisho?" wakauliza wote.

"Ndiyo mwisho."

"Ameandika, ameandika, ameandika," akasema yule wa nyuma, "na hata siku moja hajauliza: wewe ni wa watu gani?"

"Na mama yake alikuwa wapi?" akauliza Mama Halima.

"Jikoni. Yeye hakujua kutumia ile mashine."

Akafikiri. Akasimama, akajifunga mtandio vizuri. "Halima atakuja Jumamosi."

Nilikaribia kuruka!

"Lakini Alhamisi tunakuja sisi. Utafundisha sisi kwanza. Mtoto wangu hawezi kujua kitu mimi sijui. Na wewe hatukuamini tena. Tutasoma wenyewe."

Basi Alhamisi nina darasa la akina mama wasioamini neno langu hata moja. Msinicheke, ndugu zangu. Na kama kuna anayejua ile kompyuta inawashiwa wapi, aniambie mapema.