Suti ya Injinia wa Video

Mtu akitoka duka la televisheni na sura ya aliyefiwa mara mbili, mimi na wewe tungempa pole. Injinia alimpa kiti.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe asubuhi moja akinyoa ndevu, na hakuna chuo kilichojitokeza kumpinga. Ofisi yake ilikuwa meza moja kando ya duka hilo, kompyuta iliyong'oka vibonye viwili, na kitambaa cheusi cha kuifunika.

"Televisheni imekataa, mama?" aliuliza, sauti laini kama siagi.

"Imekataa, baba. Inaandika eti faili halitambuliki. Halitambuliki vipi na ni mama yangu mzazi?"

Mwenye kusema alikuwa fundi cherehani wa mlango wa tatu, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Ndani ya flashi aliyoishika mlikuwa na dakika arobaini za marehemu mama yake, akicheka na kugombeza watu kama kawaida yake. Jumapili ukoo mzima ungekutana kumkumbuka, na wajukuu wengine hawakuwahi kuisikia sauti yake.

Injinia aliipokea flashi, akainusa.

"Fomati ya zamani hii. Mama yako amefungiwa ndani, anagonga mlango, na televisheni haina ufunguo."

"Maskini mama!"

"Kumtoa ni siku tatu. Ya kwanza tunalilainisha faili, ya pili tunaligeuza, ya tatu tunaliacha lipoe. Ukilicheza likiwa moto, mama atatoka na sauti ya mwanaume."

Msomaji mwema, ukweli ni kwamba kuna tovuti ambamo unatumbukiza video, unachagua fomati, unabonyeza, unaenda kunywa maji. Ukirudi iko tayari, na hudaiwi kitu. Injinia alizijua tatu. Kile kitambaa cheusi kilikuwa cha kuhakikisha anazijua peke yake.

"Utataka nini?" aliuliza fundi.

Injinia aliitazama ile tepu. Jumamosi mwenye duka la televisheni angemtambulisha kwa wateja kama mtaalamu wake, ili kila televisheni iuzwe pamoja na huduma ya kulainisha faili. Angeendaje na shati lililoungua kola kwa pasi?

"Sitaki pesa, mama. Mimi si mtu wa tamaa. Suti tu."

Ijumaa jioni alirudisha flashi. Hakuwa ameitazama video hata sekunde moja. Dakika arobaini za mama wa mtu, za nini?

Usiku ule ule fundi na mdogo wake wakaketi mbele ya televisheni. Mama akatokea, akacheka, akafoka: "Wewe, shika kamera vizuri, unanipiga pua tu!" Ndugu wale wawili wakashikana mikono, machozi yakawatoka. Ndipo mdogo akapangusa macho, akakodoa.

"Dada, mbona mama amevaa tangazo?"

Kifuani pa marehemu, mwanzo hadi mwisho, palikatiza herufi nyeupe: IMEGEUZWA BURE KWA DAKIKA MBILI. JARIBU NAWE!

Wakajaribu nao. Walitafuta kwa simu tovuti isiyopiga mihuri, wakatumbukiza lile faili la zamani, na kabla chai haijachemka, mama alikuwa ametoka safi, pua na yote.

Asubuhi ya Jumamosi Injinia aliingia mbio kwa fundi. "Suti yangu!"

Suti ilikuwa imetundikwa, nyuzi nyeupe ndefu zikichungulia kila upande.

"Bado, mwanangu," alisema fundi. "Hizo ni nyuzi za bandi, za kukujaribishia tu. Haijapita cherehani. Nipe siku tatu."

Injinia alicheka hadi akashika ukuta.

"Siku tatu! Mama, wimbo huo nimeutunga mimi, leo unaniimbia mwenyewe?"

"Nakuambia ukweli. Ukiivaa hivyo, usiinue mikono wala usiiname."

"Na nisipumue?"

"Ukiweza."

Fundi hakusema uongo hata kidogo. Alijua tu kwamba anayeishi kwa uongo, ukweli ukimpigia hodi hafungui. Injinia akaivaa suti, akajitazama kiooni, akaona zile nyuzi nyeupe zinamharibia heshima. Akazichomoa moja moja, kwa mkono wake mwenyewe, kama anayenyonyoa kuku.

Dukani watu walijaa. "Huyu ndiye mtaalamu wetu!" alitangaza mwenye duka, akampa mkono na kuutikisa kwa nguvu. Injinia alipourudisha mkono wake, shati ndilo lililorudi nao. Mkono wa koti ulibaki kwa mwenye duka, ambaye aliendelea kuutikisa kwa adabu. Kola ikaanguka. Injinia akainama kuiokota, na suruali, iliyokuwa imevumilia mengi, ikaona imetosha.

Simu ishirini zikainuliwa kurekodi.

"Video hii," alisema mteja mmoja, "haihitaji kugeuzwa fomati."

Injinia alirudi kwa fundi akiwa ndani ya boksi la televisheni, miguu ikitokea chini.

"Umeniua, mama! Ulijua!"

"Nilikuambia. Mimi ulinificha." Akawasha simu, akamwonyesha tangazo kifuani pa mama yake. "Siku tatu umenikosesha usingizi, nikidhani atapotea tena."

Injinia alitazama. Kwa mara ya kwanza alimwona bibi yule akicheka, na boksi likatulia.

"Nisamehe, mama."

"Kaa pale. Nitaishona suti yako, maana tulipatana. Wewe utawageuzia watu video zao hapa hapa, bure, bila kitambaa cheusi, mpaka nimalize. Na mimi nikishona kwa makini, nachelewa."

Akampa pazia la maua ajifunge, na kompyuta ikahamishiwa pale. Habari zilivyo na miguu, kabla ya saa sita foleni ilifika mtaroni. Aliyesimama mbele kabisa alikuwa mwenye duka la televisheni: mkono mmoja ameshika flashi ya harusi yake, mwingine ameshika mkono wa koti.

"Haya, Injinia," alisema. "Yangu utailainisha siku ngapi?"

Injinia akafungua kinywa, ulimi umeshakaa mkao wa kazi. Pembeni, mkasi wa fundi ukatua taratibu juu ya suruali.

"Keti tu, mzee," akasema Injinia, akimgeuzia kompyuta. "Bonyeza mwenyewe."