Sadik wa Dukicha na Sindano ya Bolivia

Bismillahi naanza, maana asiyeanza na Yeye kalamu humpotea. Njooni, enyi watu wa Tana, wa ukingo huu na wa ukingo ule! Wewe unayekama, mwachie ndama anyonye kwanza. Wewe unayesonga ugali, teremsha sufuria. Mkono wa kushoto wa mwanangu umepiganiwa vita ambavyo wajukuu wenu watahadithiwa, na mimi, mjane wa marehemu Dukicha, nilikuwepo, nimeketi kwenye benchi, naona yote.

Shujaa wa vita hivyo ni Sadik, kitinda mimba wangu. Sadik tabibu wa mifugo, Sadik mshika pembe, aliyemvuta fahali kutoka matopeni huku mamba akitazama na kumeza mate. Kutoka hapa Garsen hadi Bangale hakuna ng'ombe asiyeujua mkono wake. Huingia zizini na sindano nene kama msumari, akamsugua mnyama shingoni, akamwimbia wimbo wetu wa kisimani, ule wa kunyweshea. Kisha humpiga kofi, humpiga la pili, na katika la tatu sindano imeshaingia na kutoka, na ng'ombe bado anatafuna.

Basi wito ukaja kutoka mbali: Bolivia ilimtaka. Bolivia, nchi iliyo ng'ambo ya bahari, yenye milima ambako hata pumzi ni haba, na ambako wafugaji wana mnyama mwenye shingo ya ngamia na manyoya ya kondoo, naye, astaghfirullah, akikasirika hutema watu mate. Huko Sadik atakaa miaka miwili kwa kujitolea, bila mshahara, chakula na pa kulala tu, atibu wanyama wa watu asiowajua. Sanduku lilikwisha fungwa. Dua ilikwisha somwa. Samli nilikwisha itia chupani. Koti zito la baridi lilikwisha nunuliwa, na jua la Garsen lilipoliona lilicheka. Ilibaki chanjo tu. Bila chanjo hakuna ndege, na gari la Mombasa lingeondoka siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Ijumaa.

Sasa sikieni jambo la ajabu: huyu mchoma ng'ombe, tangu apate akili zake, yeye mwenyewe hajawahi kuchomwa.

Tukaingia kituo cha afya, mimi na yeye, naye kalikumbatia koti lake. Mbele yetu akasimama Nuriya, muuguzi, binti wa Kipini, mwembamba wa kiuno na mkali wa ulimi. Akachomoa sindano. Ilikuwa nyembamba kama unywele. Sadik akaiona, na yule aliyewahi kusimama mbele ya nyati akarudi nyuma, akarudi tena, hata mgongo wake ukapiga ukuta na bango la vyandarua likaanguka.

"Ewe binti wa Kipini!" akanena kwa sauti kuu. "Mkono huu ni amana. Ukiuharibu, ng'ombe wa nchi nzima watakulilia wewe!"

"Kaka Sadik," akajibu Nuriya, ameinua sindano mithili ya jambia, "tangu asubuhi nachoma watoto wachanga, na hakuna hata mmoja aliyenihutubia. Kunja shati."

"Nitakunja. Niache kwanza ninywe maji."

Akaenda kunywa maji. Aliporudi akakumbuka kiatu chake kimelegea, na kiatu chenyewe kilikuwa ndara.

Mzee Abdinur, jirani yetu, aliyekuwa benchini akingoja dawa ya goti, akagonga fimbo sakafuni. "Mwacheni kijana! Bolivia kuna nini? Ng'ombe wa hapa hawaugui? Mtu avuke bahari akafanye kazi ya bure! Hiyo sindano ina akili kuwashinda nyote, yamwambia abaki."

Sadik akanigeukia. "Pengine Mzee asema kweli, Mama. Nikienda mimi, nani atakunyweshea ng'ombe?"

"Mie chupa ya dawa nimeshaifungua," akasema Nuriya, "na dawa hii ikifunguliwa haikai. Adhana ikilia nafunga mlango. Semeni."

Hapo, enyi wasikilizaji, vita vikahama kutoka mkono wa Sadik vikaingia kifuani mwangu. Maana njia ya kumshinda niliijua. Na nilijua pia kwamba nikinyamaza tu, nikiendelea kuvuta tasbihi yangu kama mama mcha Mungu, adhana italia, mlango utafungwa, gari litaondoka, na jioni mwanangu atakula kwangu. Nikavuta punje moja. Nikavuta nyingine. Nani angenilaumu?

Kisha nikaliona lile koti. Kwa joto lile, jasho likimtiririka hadi kidevuni, hakuwa ameliweka chini hata mara moja. Kanywa maji nalo, kafunga ndara nalo, amelibeba kama ndama aliyezaliwa njiani. Mtu anayetaka kubaki habebi koti hivyo.

Nikainuka. Nikamkunja mwanangu shati la mkono wa kushoto, nikamshika shingoni, nikamsugua, nikaanza kuimba wimbo wa kisimani. Benchi zima likaangua kicheko.

"Mama! Mimi si ng'ombe!"

"Nyamaza, fahali wangu. Nuriya, mpige kofi begani."

Nuriya hakuuliza sababu. Nadhani alikuwa akiingoja nafasi hiyo tangu asubuhi. Paa!

"Wanipigiani wewe?"

Paa!

"Nuriya! Nitakusemea kwa mamako!"

Paa!

Ndipo shujaa akafumba macho, akakaza meno, akatoa kifua mbele ya kadari. "Haya," akanguruma, "niko tayari. Choma!"

"Kaka Sadik," akasema Nuriya, akimbandika pamba, "teremsha shati."

Takbiri ikapaa hadi kwenye mabati! Mzee Abdinur mwenyewe alisimama, akalisahau goti lake, akampa shujaa mkono. Sadik akatoka nje na pamba yake begani kama bendera juu ya ngome iliyotekwa, akawatangazia wapita njia kwamba hakuhisi kitu, na kwamba sindano ni jambo la kawaida. Adhana ikalia. Akasali, akanibusu mkono, akapanda gari. Wakati huu koti alilivaa.

Basi watunza tarehe za Tana waandike kwamba Ijumaa hiyo Garsen ilishinda na Bolivia ikapata tabibu.

Jioni niliingia zizini peke yangu. Guracha, fahali wake mweusi, akanijia akinusa nguo yangu. Nikamsugua shingoni, nikampiga kofi, nikampiga la pili. Akatulia, akakaza ngozi, akingoja.

"Tafuna tu," nikamwambia. "Mwenye la tatu kasafiri."