Kichujio cha Delbert

Jumatatu, 7 Julai
Binti yangu Lorna kapiga simu. Ijumaa ananiletea mjukuu wangu Marnie, akae wiki mbili, ila kwanza atakagua kichujio cha kiyoyozi. Pumu ya mtoto haitaki vumbi. Kikiwa kichafu, anarudi naye. Nimemwambia yeye nimemlea katika vumbi hili hili la Amarillo, na kilichomzidi ni mdomo tu.

Nimefungua kifuniko ukutani. Kichujio kijivu kama mgongo wa punda. Pembeni mwandiko wa marehemu mume wangu Delbert, kwa penseli: "Dovie, usiguse. Nitabadilisha mwenyewe." Hakuwahi. Nimefunga kifuniko.

Jumanne, 8 Julai
Nimepata akili. Kukifua. Maji ya bustani, sabuni ya vyombo. Karatasi ikaanza kunyonyoka, nikaacha upesi. Nimekianika kambani kando ya shuka. Jirani Earlene kachungulia, kauliza siku hizi nafua hadi kiyoyozi. Nikamwambia afue ulimi wake.

Mwandiko umesalimika. Kichujio kimejikunja kama ngozi ya nguruwe kikaangoni. Lorna hadanganyiki na hicho.

Jumatano, 9 Julai
Dukani. Namba ikiwa kubwa, kichujio hunasa vumbi zaidi; Earlene ana namba kumi na moja, hajaacha kunitambia. Nikachukua kumi na tatu. Muuzaji kasema mashine yangu kongwe, kizito hivyo kitaikaba pumzi, nichukue nane. Niliishia darasa la sita lakini najua nane ni ndogo kuliko kumi na tatu.

Alhamisi, 10 Julai
Kumi na tatu kimekaa usiku mmoja tu, mabomba ya kiyoyozi yameganda barafu. Nje jua la kukaanga mayai, ndani joto vilevile. Nimezima, nimengoja barafu iyeyuke, nimerudi dukani kuchukua nane. Muuzaji kanipa risiti na tabasamu. Nimemchukia zaidi.

Ijumaa, 11 Julai
Lorna kakagua, kaguna, kaondoka. Mtoto kabaki. Nimeshinda.

Marnie kachungulia chini ya kitanda changu, kakuta kichujio cha Delbert nilichokificha. Kasoma polepole, kidole juu ya penseli. "Bibi, Babu alisema usiguse. Mbona umegusa?"

Nikampa mkate wa mahindi na siagi. Baada ya chakula kalala kochini, kifua kinapanda na kushuka bila mluzi. Nimemsikiliza mpaka shingo ikauma.

Ila mtoto kasema kweli. Nimekirudisha cha Delbert mahali pake, nyuma ya kile kipya, vimlinde vyote viwili.

Mashine imeanza kuhema. Itazoea.